Mwaka wa Kusaga Kioo

Siku waliyotaka kumtoa Mwalimu Kibwana nyumbani kwake Cheyo, mjini Tabora, wakamzike, niliketi kizingitini, nikanyoosha miguu, nikasema maiti hatoki. Vijana waliobeba jeneza wakabaki wakitazamana. Mmoja akaniambia kwa upole, "Shikamoo bibi, tunaomba utupishe." Nikamwambia marahaba, lakini sipishi, huyu ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, babu zake waliwapunja babu zangu kule pwani kwa shanga mbovu, na leo anataka kuondoka kimyakimya bila kuaga. Kisha nikainuka, nikafumba macho, nikatembea ukumbini kama alivyokuwa akitembea yeye, mkono mmoja unapapasa ukuta, kichwa juu kama jogoo anayesikiliza mvua. Wanawake wakaanza kucheka ndani ya kilio chao. Mkewe, Bi Tatu, ambaye mbele hana tena jino hata moja, alicheka mpaka akashikwa asianguke. "Mpeni kuku huyo," akasema. "Mpeni kuku, la sivyo tutalala hapa na maiti." Nikaahidiwa kuku, nikatoka mlangoni, jeneza likapita. Ndiyo kazi ya mtani. Misafara ya zamani iliyokwenda na kurudi kati ya pwani na huku kwetu ilituachia utani huo, na mimi nimeutumia kuliko watu wengi.

Nilikwenda na mjukuu wangu Agnesi. Huyu anasomea nyota chuo kikuu. Nimelisema hilo kanisani, nimelisema sokoni, nimelisema kwenye foleni ya dawa za presha, na hapa nalisema tena. Asiyetaka kusikia aruke. Baada ya maziko, tukiwa tumekaa uani na sahani zetu za wali, akanionyesha picha kwenye simu yake. Giza tupu, na ndani ya giza punje nyingi, nyingine nyeupe, nyingine nyekundu. Akaniambia kila punje ni galaksi, yaani mji mzima wa nyota, kama huu wetu ambao jua letu ni kaya moja tu ndani yake, na zile nyekundu ndizo za mbali kabisa, mwanga wake ulianza safari kabla dunia haijakuwapo. Nikamuuliza mbona nyekundu. "Mwanga umevutika njiani, bibi. Anga lenyewe linatanuka, na mwanga unatanuka nalo. Umekuwa mwekundu, ukaupita wekundu, ukawa joto tu. Jicho haliuoni tena. Darubini iliyopiga picha hii inahisi hilo joto." Nikamwambia hapo amenipata. Kwetu Goweko tulikausha tumbaku kwenye mabani, vile vijumba virefu vya udongo visivyo na dirisha, na asubuhi moto ukishakufa unaweka kiganja ukutani, unajua bani lipi liliwaka na lipi halikuwaka, bila kuona hata cheche. "Ndiyo hivyo hivyo," akasema. Halafu akataka kunieleza galaksi zinatokeaje, nikamwambia amalize wali wake kwanza, hilo nilishalisikia, na nililisikia katika nyumba hii hii tuliyokuja kuzika mtu.

Nilivyofika katika nyumba hiyo si hadithi. Nilikuwa msichana, nimesoma hadi darasa la nne, najua kupika na kusaga, na wao walihitaji mtu. Mwalimu alifundisha sayansi katika shule ya sekondari pale mjini. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu chini ya bati lililolia jua likikolea. Chumba cha mbele kilijaa vitabu na harufu ya mafuta ya taa. Cha kati walilala wenyewe. Cha nyuma nililala mimi pamoja na gunia la michembe nililotoka nalo kwetu, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikawa vikavu kama vipande vya kuni. Jiko lilikuwa uani, limezungushiwa matete, na mtu aliyekaa jikoni alisikia kila kilichosemwa ndani ya nyumba. Siku ya kwanza nilipiga goti, nikasema shikamoo mwalimu. Badala ya kuitikia akaniuliza kabila langu, nikamtajia. Akamgeukia mkewe. "Bi Tatu, wametuletea punda wa kubebea pembe." Nikiwa bado nimepiga goti nikasema, "Afadhali punda, mzee, punda anafanya kazi. Nyinyi wala nazi mlikaa kivulini mkingoja tufike mtuibie." Nikajua nimefukuzwa kabla sijatua mzigo. Lakini Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, na tangu asubuhi iliyofuata salamu yetu ikawa hiyo: "Shikamoo, mla nazi." "Marahaba, punda."

Kwa watu wasio na utani nieleze kidogo. Mtani unamwambia lolote, na yeye hawezi kukasirika; akikasirika ametia aibu ukoo wake. Unaweza kumwambia mkubwa wako kwamba kanzu yake inanuka, na ukweli ukapita humo ambao mtoto wake wa kumzaa asingethubutu kuusema. Ubaya wake ni mmoja tu. Mkishazoea kutaniana kutwa nzima, hujui tena neno lipi la mzaha na lipi la kweli. Hilo lilikuja kutugharimu.

Jioni walikuja wanafunzi, wavulana wanne watano wa kidato cha juu, mashati yamenyooshwa, wanavua viatu mlangoni kama wanaingia msikitini. Mimi nilipeleka chai na michembe ya kuchemsha iliyochanganywa na karanga, na Bi Tatu alikuwa akinilaumu. "Weye unawalisha watoto wa watu kuni. Kwetu mgeni hupewa kitumbua." Nikamwambia kitumbua kinaisha mdomoni, mchembe unafika nao nyumbani. Nikishaweka chai niliegemea mlango, nikisikiliza. Ndivyo nilivyoisikia ile habari. Mwalimu aliwauliza, "Tabora hapa kuna bahari?" Hakuna. "Kuna mto wa maana?" Hakuna. "Basi mji umetoka wapi?" Wakadhani ni swali la mtihani. Akasema, "Msafara wa kwanza ulisimama hapa. Wa pili ukasimama kwa kuwa ulikuta watu. Akaja mtu kuwauzia mtama waliosimama. Akaja wa kutengeneza majembe, kwa sababu ya muuza mtama. Walipokuwa wengi hata asiye na haja ya kusimama alisimama. Ndivyo galaksi inavyotokea. Mwanzoni hakuna nyota hata moja, kuna hewa nyepesi imetanda kila mahali, ila haikutanda sawasawa. Palipo na nzito kidogo panavuta ya jirani. Pakivuta panakuwa pazito zaidi, panavuta zaidi. Mpaka wingu linajiangukia lenyewe, linazunguka, linalala bapa, na ndani yake nyota zinawaka. Galaksi kubwa inazimeza ndogo zilizo karibu, kama mji unavyomeza vijiji." Mvulana mmoja akauliza kama mji wetu wa nyota nao unameza. "Unameza hata sasa tunapokunywa chai," akasema Mwalimu, "na huyo Mnyamwezi mlangoni anadhani nasema uongo."

Sikudhani ni uongo. Niliona ungo. Ukiuzungusha ungo wenye mtama, punje hazibaki zilipomwagwa, zinakusanyana. Lakini kitu kimoja sikukielewa, na nilikaa nacho miaka mingi: msafara wa kwanza ulisimama kwa nini? Majuzi pale uani Agnesi alinijibu bila kujua kwamba nilikuwa nangoja jibu. Anasema siku hizi wanajua kwamba kilichotangulia kukusanyika ni kitu kisichoonekana, hakiwaki, hakizuii mwanga, kina uzito tu, na hewa ilikifuata kikiwa kimeshajikusanya. Hakuna aliyekiona hata leo. Nikamwambia basi ni maji ya chini. Watu hawakusimama Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu hii, kwa kupenda vichaka. Walisimama kwa kuwa ukichimba kidogo unapata maji. Ukipanda kilimani jioni ukautazama mji kwa mbali unaona mioto ya watu, maji huyaoni, na bila hayo maji usingeona moto hata mmoja. Agnesi alisema atawaambia wenzake. Awaambie tu, asinitaje jina.

Sasa nirudi jikoni kwenye matete, kwa kuwa hapo ndipo nilipojua nyumba ile ilikuwa inangoja nini. Mvua za masika zilikuwa zinamalizika. Nilikuwa nakoroga mlenda, na ndani Bi Tatu alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Daktari kasema nini, sema yote." Mwalimu akasema, "Kasema mshipa wa jicho unakufa. Yote mawili. Hakuna dawa ya kuurudisha." "Lini?" "Hakuna ajuaye lini. Kabla mwaka haujageuka, huenda." Bi Tatu akasema, "Twende Pwani. Kuna mzee kwetu anatibu macho." "Sendi." "Basi unataka nini, baba we? Mie ningekuwa naambiwa nitapofuka, ningetaka kuwaona watoto wa dada yangu." Mwalimu akamjibu, na maneno hayo niliyasikia neno kwa neno. "Nimewafundisha watoto kwamba kuna galaksi nyingine nje ya hii yetu. Nimewachorea ubaoni. Nilichora kutoka kitabuni. Sijaiona hata moja. Iliyo jirani yetu mtu mwenye macho mazima anaweza kuiona kwa taabu bila chombo, na mimi nilipojua pa kuitafuta, macho yalikwisha kuniacha. Nataka niione hiyo, basi. Baada ya hapo wacha giza lije."

Ndipo nikaelewa dalili. Kwa nini aligonga bega kwenye kila mwimo wa mlango. Kwa nini alilalamika kwamba taa ina duara la upinde wa mvua. Kwa nini alimimina chai kwenye kisahani akiamini ni kikombe, na Bi Tatu akasema kwa sauti kubwa kwamba chai ya kisahani inapoa haraka, kana kwamba ni makusudi.

Kununua darubini lilikuwa jambo lisilofikirika. Aliamua kuitengeneza. Moyo wa darubini ya namna ile ni kioo kilichochimbwa kishimo kidogo, kidogo sana, mithili ya kiganja kikikunjwa nusu tu, ili kikusanye mwanga hafifu na kuuleta mahali pamoja. Alikuwa na vioo viwili vinene vya duara, vya dirisha la meli, alivyopata kwao. Kimoja kinakaa chini, kingine kinasagwa juu yake, katikati kuna maji na unga mkali wa kusagia chuma aliopewa na fundi wa karakana ya reli. Kioo cha juu ndicho kinachochimbika. Anaanza na unga wa chengachenga, anamalizia na ule laini kama poda ya mtoto. Alipokuwa akinieleza nilicheka. Nikamwambia hiyo ni kazi ya kwetu, nimeifanya tangu nikiwa na meno ya utoto. Akasema, "Ndiyo maana nakwambia wewe. Mchana niko shule, utasaga wewe. Jioni nitasaga mimi. Vioo nimeviweka juu ya pipa. Ukisukuma mara chache unakigeuza cha juu kidogo, halafu wewe mwenyewe unahama hatua moja, unalizunguka pipa. Usisimame mahali pamoja. Zunguka kama ng'ombe aliyepotea njia ya kisimani."

Kilichoniponza ni sentensi ile ya ng'ombe. Laiti angeishia kwenye pipa ningemwelewa. Lakini aliposema ng'ombe nikajua tumeingia kwenye utani, anataka majirani waone Mnyamwezi akizunguka pipa mchana kweupe. Nikamjibu kwamba ng'ombe wa kwetu wanajua njia kuliko mwenye miwani. Tukacheka wote wawili, na hakuna aliyerudi nyuma kuuliza. Alipoondoka niliviteremsha vile vioo kutoka kwenye pipa, nikaviweka chini juu ya gunia, nikapiga magoti, nikasaga kama mtu mwenye akili. Mtama unasagwa hivi: unakaa upande mmoja, unaegemeza uzito, unasukuma mbele kwa nguvu, unarudi mtupu. Mwanamke anayesaga hazunguki jiwe. Nilisaga hivyo siku zote za baridi, kila asubuhi nikishaosha vyombo, na jioni nilivirudisha vioo kwenye pipa kabla hajafika. Niliona fahari. Kioo kilikuwa kinachimbika, na mimi nilikuwa nakichimba haraka kuliko yeye.

Kiangazi kilipokolea, mbingu safi hata ukipiga kelele unadhani zitapasuka, Mwalimu akasema kinatosha kujaribiwa. Galaksi jirani ilikuwa ikionekana alfajiri upande wa kaskazini, juu ya barabara ya Nzega. Alikuwa ametengeneza bomba la mbao, akakifunga kioo ndani kabla hakijapakwa fedha ya kukifanya king'ae. Kwanza alitaka kuijaribu darubini kwa nyota moja yenye nguvu, ambayo macho yake bado yaliiweza. Akatazama. Akafuta miwani, akatazama tena. Akasema polepole, "Imekuwa ndefu. Nyota imekuwa ndefu." Alidhani ni macho, na usoni mwake niliona mtu anayehesabu kwamba mwaka wake umekwisha mapema. Akamwita Bi Tatu atazame. Bi Tatu, kanga mabegani na usingizi machoni, akainama, akasema, "Punje ya mchele hii. Nyota yenu imekuwa mchele." Mwalimu akashusha pumzi. Kama mkewe naye anaona mchele, macho hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kioo. Akanigeukia. "Hebu nionyeshe unavyosaga." Nikateremsha kioo kilichobaki kwenye pipa, nikapiga magoti, nikamwonyesha. Kioo nilikuwa nimekichimba kama mtumbwi. Akasema, "Nilikwambia uzunguke pipa." Nikasema, "Nilijua ni utani." "Utani!" "Ulinitajia ng'ombe, mzee. Mtu akitajiwa ng'ombe atajuaje?" Akakaa chini, akacheka, akapiga paja, machozi yakamtoka. Bi Tatu hakucheka. Alijifunika kanga mdomoni, akaingia ndani, nikamsikia akilia, kwa sababu yeye alikuwa anajua saa ya mumewe inakwenda, na sasa kazi yote ilikuwa inarudi kwenye unga wa chengachenga. Watu wameniuliza kama nilijilaumu. Nusu ya kosa ilikuwa yake. Mwalimu asiyejua lini ametoka kwenye utani naye ana yake ya kujibu.

Tukaanza upya. Safari hii nililizunguka pipa. Nilizunguka nikisukuma, nikigeuza, nikihama, nikizunguka, mpaka mama jirani akapanda kwenye kinu kuchungulia juu ya ua, akamwambia Bi Tatu, "Mama, huyo binti mmemfanya nini? Azunguka kama kapandisha mashetani." Bi Tatu akamjibu, "Anasaga mbingu, mwache." Mwezi wa tisa ukaja na moshi wake. Kila mtu alikuwa akichoma mashamba, jua likizama jekundu kama jicho la mlevi, na hata kama kioo kingekuwa tayari nyota tusingeziona. Mwalimu hakusahihisha tena madaftari, wanafunzi walimsomea. Mtaani alianza kutembea akishika bega langu, na watu wakadhani ni upole wa uzee, naye hakuwa mzee. Akiguswa na mtu njiani alisema, "Nisamehe, punda wangu huyu hajui kuongoza." Tulipofikia unga laini tulisaga kwa kupokezana, yeye kwa vidole tu. Alisema vidole vinaona zaidi. Kisha ikaja kazi ya kukipaka kioo fedha, ambayo ilihitaji dawa ya maabara na sukari. Bi Tatu akasimama mbele ya kopo la sukari. "Sukari hii ya mgeni." Mwalimu akasema, "Mgeni anatoka mbali sana, Bi Tatu. Mpe." Kioo kilipotoka kwenye dawa kilikuwa kinang'aa kiasi kwamba nilijiona nywele moja moja.

Mvua za kwanza ziliosha moshi wote. Siku ikafika, jioni, baada ya swala ya isha, mawingu yamegawanyika, upande wa Nzega uko wazi na safi. Sasa galaksi ile ilikuwa ikipanda mapema. Wanafunzi walikuja, wakaiweka darubini uani, wakaielekeza kwa kufuata alivyowaambia: anza na nyota hii, panda hadi hii, kisha pinda kidogo. Mwalimu akainama kwanza. Ilikuwa haki yake. Alikaa pale muda mrefu, jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha tena la kulia. Alipoinuka akasema tu, "Itazameni nyinyi." Wakatazama mmoja mmoja. "Ajabu, Mwalimu!" "Naona mikono yake, Mwalimu, inazunguka kama ile ya kitabuni." "Ina rangi gani?" akauliza. "Ya dhahabu, Mwalimu." Akawashukuru kwa adabu, akawaambia waende kabla mvua haijarudi. Siwasemi vibaya vijana wale. Walikuwa na heshima, na mbele ya mwalimu anayepofuka heshima ilikuwa haiwaruhusu kuona kitu kingine.

Walipoondoka Mwalimu alikalia ndoo iliyopinduliwa. Nikadhani analia, hakuwa analia, alikuwa anafikiri. "Mimi sioni kitu," akasema. "Nyeusi tupu. Nao wanaona mikono. Kioo hiki hakina uwezo wa kuonyesha mikono, wala rangi. Wanakiona kitabu. Basi sijui kama ipo. Huenda tunatazama pasipo. Huenda kioo kibovu tena." Kisha akaita, "Mnyamwezi! Njoo utazame. Na usinionee huruma, wewe huna huruma, nakujua." Nikafuta mikono yangu kwenye kanga, nikainama. Nikamwambia, "Hakuna kitu humu." Akainamisha kichwa. Halafu akasema, kwa sauti ya darasani, "Usikodolee katikati. Tupa jicho pembeni kidogo, kama unamwibia mtu kumtazama."

Nikatupa jicho pembeni. Nikasema, "Kuna doa."

"Doa gani?"

"Doa tu. Halina mikono, wala rangi, wala halizunguki. Kama mtu amekula nyama akagusa kioo kwa kidole. Mwaka mzima nimezunguka pipa kwa ajili ya hili, mla nazi?"

Alikuwa ameshasimama. "Futa kioo cha kutazamia."

"Nimefuta. Halifutiki."

"Sogeza bomba kidogo. Linabaki palepale kwenye kioo, au linaondoka na nyota?"

Nikasogeza. "Linaondoka na nyota."

"Katikati na pembeni ni sawa?"

"Katikati pana mwanga zaidi. Pembeni linafifia, huwezi kusema limeishia wapi. Na si duara. Ni refu, limelala upande, kama yai lililolazwa kwenye majani."

Alitaka kunikamata mkono, akakosa, akakamata kanga. "Hivyo ndivyo lilivyo," akasema. "Hivyo hasa. Bi Tatu! Bi Tatu, njoo! Tumeiona!"

Bi Tatu akatoka jikoni, mikono imejaa tui. "Nani kaiona? Umeiona?"

"Mnyamwezi kaiona. Kaitukana. Ipo."

Bi Tatu alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye, akaenda akasimama karibu naye, mikono yake michafu imeinuliwa ili isimchafue. Kwa kuwa dunia inazunguka, doa lilikuwa likitoroka kwenye bomba kila baada ya kitambo, na Mwalimu akanifundisha kulifuata, asukume yeye mkono wangu, nisukume mimi bomba. Aliuliza, "Bado ipo?" Nikasema ipo. Akauliza tena, nikasema ipo, imesogea ukingoni, ngoja, sasa imerudi. Tukaendelea hivyo, yeye akiwa ameinua uso kaskazini na macho wazi, mpaka nyota zikaanza kupotea kutoka upande wa chini. Akauliza kuna nini. Nikamwambia ni wingu, la mvua, la hapa hapa Tabora, na kwamba sasa tungeweza kula.